Felix Galimir: mpiga fidla aliyerithisha alichosikia

Wapiga fidla wa muziki wa klasiki hupimwa mno kwa swali moja: je, amewahi kusimama peke yake mbele ya okestra, jina lake likajaza ukumbi? Kwa kipimo hicho Felix Galimir, aliyezaliwa Vienna mwaka 1910, hakuwa nyota. Nadhani kipimo ndicho chenye kasoro.

Mwaka 1927 yeye na dada zake watatu waliunda kwarteti: fidla mbili, viola na selo. Humo hakuna kiongozi mwenye kijiti. Nani aanze, nani apunguze sauti, wapi wote wapumue, ni wapigaji wenyewe huamua, na mara nyingi baada ya kubishana. Nota haziwamalizii ubishi huo. Zitasema "polepole" zisiseme polepole kiasi gani. Zitataka sauti ndogo, lakini ndogo kuliko ya nani? Majibu hukaa kwa mtunzi, na kwa waliobahatika kumuuliza. Akina Galimir walibahatika. Katika miaka ya 1930 waliifanyia kazi Lyric Suite pamoja na mtunzi wake, Alban Berg, na wakarekodi kwarteti ya Maurice Ravel, Ravel mwenyewe akiwasikiliza.

Kisha siasa ikaingia. Galimir alipata nafasi katika okestra ya Vienna Philharmonic, akaondolewa kwa kuwa ni Myahudi, hata kabla Hitler hajaichukua Austria mwaka 1938. Alipitia Palestina, akapiga katika okestra iliyoanzishwa na mpiga fidla Bronisław Huberman, halafu akahamia New York. Huko alipiga katika okestra ya redio ya NBC chini ya kondakta Toscanini na kuunda upya kwarteti yake.

Ajira hizo zilimlisha, ila uzito wake uko kwenye ualimu. Alifundisha katika vyuo vya muziki vya Juilliard na Curtis, na kuanzia 1954 alikuwa kwenye tamasha la muziki la Marlboro, Vermont, kila kiangazi. Utaratibu wa Marlboro ulimfaa kuliko darasa lolote: mkongwe huketi katika kundi moja na vijana, akapiga sehemu yake kama wao. Kijana aliyeketi naye kuipiga kazi ya Berg alikuwa hatua moja tu kutoka kwa Berg mwenyewe. Rekodi haiwezi kumpa hilo, kwa kuwa rekodi haimkatizi mtu anapokosea.

Galimir alifariki New York mwaka 1999. Anayetaka kumpima kwa masikio yake mwenyewe aanze na ile rekodi ya Ravel.