Betri ya Pili: Jinsi Dereva wa Kibera Alivyolipia Stima ya Land Cruiser Yake Bila Kutapeliwa

Jumamosi moja asubuhi tulishuka matatu ya 46 pale Kawangware, tukafuata kelele za nyundo hadi uwanja mdogo nyuma ya Naivasha Road. Katikati ya uwanja kulikuwa na Land Cruiser ya zamani, boneti juu, viti vya nyuma vimetolewa vikaegemezwa ukuta wa mabati. Mwenyewe alikuwa amesimama kando na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ni dereva wa watalii, anaishi Kibera upande wa Olympic. Hiyo gari ndiyo mshahara wake, karo ya watoto wake wawili na deni analomalizia kulipa.

Alikuja hapo kwa sababu ya asubuhi moja mbaya huko Maasai Mara. Wageni wanne, hema, friji ndogo ya gari, kila kitu poa. Usiku friji ikaendelea kunguruma, mgeni mmoja akachomeka kamera, yeye mwenyewe akachomeka simu. Vyote vilikuwa vinakunywa kutoka betri moja, ile ile ya kuwasha injini. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambao simba bado wako nje, akageuza ufunguo akasikia "tik, tik, tik" tu. Simu nayo ilikuwa imezima. Walikaa hapo karibu saa tatu mpaka gari lingine likapita likawapa moto kwa nyaya. Wageni walikuwa wapole, lakini alilazimika kuwarudishia pesa ya siku hiyo.

Msimu wa nyumbu kule Mara huanza kama Julai na huendelea hadi Oktoba. Ndio wakati madereva hupata hela ya mwaka mzima. Kwa hivyo stima ya gari ilikuwa lazima iwe tayari kabla ya hapo.

Fundi wake ni mzee wa makamo aliyejifunzia kazi kwenye matatu, zile za muziki mkubwa na taa za kila rangi. Kitu cha kwanza alichotaka hakikuwa pesa. Alitoa kalamu. "Dere, niambie usiku unatumia nini. Usiku tu, mchana injini inakulisha."

Hapo ndipo sisi pia tulijifunza kitu. Watu wengi huuliza betri kubwa ni bei gani, wakati swali ni kiasi gani cha umeme kinatoka kuanzia gari lizimwe hadi liwashwe. Friji yake ni ya wati 45. Kwa volti 12 hiyo ni karibu ampea 4, na kwa sababu mota yake huzima na kuwaka, wakahesabu nusu ya muda: saa 12 za usiku, ampea-saa 24. Taa za LED za wati 10 kwa saa nne, kama 3. Simu tano, kama 6. Kamera, pamoja na kile kinachopotea kwenye inverta, 3. Jumla 36.

Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu ukitaka idumu, yaani 50. Thelathini na sita inaingia. Za lithiamu hukubali kutumiwa hadi asilimia 80 na zaidi, na ni nyepesi, lakini bei yake ilimfanya dereva acheke kwa uchungu. Fundi hakumsukuma. Alimwambia kwamba safari zake ni za kuzunguka kila siku saa tano au zaidi, na chaja ya ampea 20 inayokaa kati ya betri mbili itarudisha kilichotoka kabla jua halijatua. Angekuwa mtu wa kupiga kambi mahali pamoja siku tatu bila kuwasha injini, hapo angehitaji paneli ya sola juu ya paa.

Kisha ikaja habari ya waya, na hapa fundi aliongea kama mhubiri. Kutoka mbele kwenye injini hadi nyuma ni kama mita tano, kwenda na kurudi kumi. Ukitumia waya wa milimita 2.5, ule wa soketi za nyumba, na ampea 20 zikipita, unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Alternata inatoa volti 14 na kitu, betri ya nyuma inaona 12 na kitu, na haijai hata siku moja. Utalaumu betri bure. Yeye alitaka waya wa milimita 16. Na fyuzi karibu kabisa na betri, pande zote mbili, kwa sababu waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari bila fyuzi, huo ni moto chini ya kiti cha mgeni. Kuhusu tepu nyeusi kwenye maungio hatuwezi kuandika alichosema.

Onyo lake lingine ni kwa wale wenye Land Cruiser za dizeli. Ukikuta betri mbili chini ya boneti, usidhani moja ni ya akiba. Baadhi ya gari hizo ni za volti 24, na betri zote mbili zinafanya kazi pamoja. Ukichota volti 12 kutoka betri moja tu kwa ajili ya friji, unaziua polepole zote mbili.

Sasa pesa. Dereva huyu alishawahi kuumwa. Mwaka uliotangulia alipata "fundi" mtandaoni, akamtumia shilingi 18,000 za vifaa kwenye nambari ya kawaida ya simu, na jioni hiyo hiyo nambari ikazimwa. Kwa hivyo safari hii alikuja na masharti yake, na tunakiri kwamba tungeyaandika vivyo hivyo kama tungeulizwa.

Vifaa hakumpa fundi pesa akanunue. Waliandika orodha pamoja, wakaenda wote Kirinyaga Road, mtaa ambao wazee bado wanauita Grogan, na dereva akalipa duka moja kwa moja kwa nambari yake ya Till. Kabla ya kuweka PIN alisoma jina lililotokea kwenye simu, akalilinganisha na lililo kwenye risiti. Betri ina garanti, na garanti bila risiti ni hadithi. Alipiga picha risiti zote, na ujumbe wa malipo hakuufuta.

Kazi ya mikono waliipatana 9,000. Fundi aliomba zote mwanzoni. Wakabishana kidogo, kwa heshima, kisha wakakubaliana nusu nyaya zikishalazwa na nusu nyingine gari likishalala usiku mmoja friji ikiwaka. Mapatano hayo dereva aliyaandika kwenye ujumbe mfupi, fundi akajibu "sawa". Neno hilo moja lina uzito kuliko watu wengi wanavyofikiri, maana lina tarehe na nambari ya aliyelituma.

Kulitokea kisa kidogo kwenye nusu ya kwanza. Till ya fundi ilileta jina la mwanamke. Dereva akasimama hapo hapo, akafuta, akauliza. Ilikuwa ya mke wa fundi, ambaye anauza chakula mlango wa pili, na alikuja mwenyewe akacheka na kuonyesha nambari yake kwenye kibao. Mambo kama haya ni ya kawaida sana mitaani na mara nyingi hayana ubaya. Lakini uliza kabla ya PIN. Ukishatuma kwa mtu usiyemjua, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo uombe kurudishiwa, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna wa kuishika. Na fundi yeyote, wa gari au wa simu, hana kazi yoyote inayohitaji PIN yako.

Pesa yenyewe aliitoa wapi? Hapa tutasema jambo ambalo huenda halitawafurahisha wenzetu wa ofisi ya mikopo. Alikaribia kuchukua mkopo wa simu. Alifungua menyu, akaona kiwango, kidole kikakaa juu ya kitufe. Kisha akapiga hesabu: mkopo unadaiwa baada ya siku 30, wageni wake wa kwanza wangelipa baada ya safari, karibu miezi miwili mbele. Mkopo wa mwezi mmoja ni wa kitu kinachorudisha pesa ndani ya mwezi mmoja. Alifunga menyu. Badala yake aliweka akiba ya shilingi 500 kila siku aliyofanya kazi, kwenye akaunti ya simu iliyofungwa hadi mwisho wa Mei, ili hata yeye mwenyewe asiweze kuigusa. Anasema siku ngumu zilikuwa Ijumaa.

Kuna sababu nyingine ya kutaka soketi nzuri ndani ya gari, na ni ya moja kwa moja. Mbuga za KWS kama Tsavo hulipiwa kupitia eCitizen, si noti mkononi. Dereva aliyefika getini na simu iliyokufa ana pesa, lakini hana njia ya kuitoa.

Jaribio lilifanyika nyumbani. Aliegesha gari karibu na mlango wake Olympic, akajaza friji maji na maziwa, akawasha taa, akalala. Asubuhi tulimpigia simu. Betri ya injini ilisoma volti 12.6, kama mpya. Injini ikawaka kwa mara moja. Lakini ya pili ilisoma 12.2, chini kuliko walivyotarajia, na kwa muda tulidhani hesabu ya kalamu ilikuwa na kosa.

Ikajulikana kwamba stima ya mtaa ilipotea saa mbili usiku, na majirani sita walileta simu zao na redio moja.

Fundi alipoambiwa alicheka sana. "Dere, hao pia ni wageni. Wahesabu."

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, 4,500 iliyobaki ikaingia kwenye Till ya mke wake.