Miti ya pori katika lupango: ipi ya kuchagua mvua zikianza Lubumbashi

Kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, watu wengi wa Lubumbashi wanatafuta kitu cha kupanda nyumbani. Mara nyingi wanarudi na mwembe, avoka, jakaranda ao kalitusi. Hakuna ubaya. Lakini angalia vizuri: mwembe asili yake ni Asia, avoka na jakaranda zilitoka Amerika, kalitusi ilitoka Australia. Hata yale maua ya manjano yanayojaa kandokando ya barabara na kwenye viwanja vitupu, Tithonia, yalitoka upande wa Mexico, na leo yanasonga majani ya kwetu.

Miti iliyokuwa hapa mbele ya mji kuzaliwa mwaka 1910, wengi tunaikutana nayo mara moja tu: ndani ya mufuko wa makala. Umeme ukikatika, tunapika na muputu, tunapika na mutondo. Pori linazidi kurudi nyuma, na wachoma makala wanaenda mbali zaidi. Njo maana swali la kupanda mti wa kwetu nyumbani siyo swali la mapambo tu. Ni swali la kujua kama watoto wa Katuba, Ruashi na Kampemba watakuja kuokota masuku chini ya mti, ao watayajua tu kwenye beseni la mama muuzaji.

Kwa nini wengi walijaribu wakashindwa

Watu wanasema: "Miti ya pori haikubali mu mji." Hiyo siyo kweli kabisa. Shida ni kwamba tunaipanda kama mwembe, na yenyewe haiishi kama mwembe.

Jambo la kwanza ni mzizi. Hapa kwetu mvua inanyesha sana kati ya Novemba na Machi, kisha kiangazi kinakuja, miezi mingi bila tone. Mti mdogo wa pori unajua hilo. Kwa hiyo unaanza kujenga chini mbele ya kujenga juu. Mfano mzuri ni mulombwa (Pterocarpus angolensis), ule mti wenye utomvu mwekundu kama damu. Mche wake unaota mvua ikinyesha, halafu kiangazi kikifika shina linakauka na kufa. Mvua ikirudi, unachipuka tena kutoka ardhini. Unaweza kufanya hivyo miaka mingi, huku mzizi unanenepa, mpaka siku moja shina linasimama na kupanda juu kwa nguvu. Sasa mwenye lupango anaona kijiti kikavu mwezi wa Julai, anasema "ule muti ulikufa," anang'oa. Kumbe ulikuwa mzima.

Jambo la pili ni bulongo. Miti mingi mikubwa ya pori letu, kama muputu, mutondo na musuku, inaishi kwa ushirika na uyoga wa chini ya ardhi. Nyuzi za ule uyoga zinashika mizizi, zinaitafutia maji na chakula, na mti nao unalipa kwa sukari inayotoka kwenye majani. Baadhi ya uyoga tunaonunua barabarani wakati wa mvua ni matunda ya ushirika huo. Lakini lupango nyingi za mji zimejaa kokoto, saruji na vipande vya matofali, na ule uyoga haumo. Mche unapandwa, unakaa mwaka mzima bila kuongeza jani, kisha unakufa.

Dawa yake haina bei. Ukienda kuchukua mbegu, chukua pia bulongo kidogo, ndoo moja ao nusu, chini ya mti mkubwa wa aina ileile, kwenye majani yaliyooza. Changanya na udongo wa kitalu na wa shimo la kupandia. Umeleta mti pamoja na wenzake.

Anza na kile ulichonacho: kisiki

Hili tunawaambia kwanza wale wanaojenga pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Kasenga, ya Likasi ao ya Kipushi. Mara nyingi kiwanja kilikatwa kutoka kwa pori juzi tu, na visiki bado vimo. Watu wengi wanalipa kijana aving'oe vyote, kisha wananunua miche.

Kisiki cha muputu ao mutondo kina mizizi ya miaka mingi, tayari imefika kwenye maji, tayari ina ule uyoga wake. Ukikiacha, kinatoa machipukizi mengi, na hayo yanakua haraka kuliko mche wowote. Chagua moja, lililonyooka na lenye nguvu, mengine uyakate. Rudia kila mwaka. Linda lisiunguzwe na moto wala kuliwa na mbuzi. Chagua kisiki kilicho mbali na mahali pa nyumba na fosi, kwa sababu mti huo utakuwa mkubwa. Ukibahatika, mwezi wa Septemba ao Oktoba, mbele ya mvua, utaona majani mapya mekundu yanayopendeza kuliko maua. Na viwavi wa kuliwa kama tunkubiu, miti hiyo hiyo njo chakula chao.

Miti ya matunda na kivuli

Kama hauna kisiki, basi chagua kufuatana na nafasi uliyo nayo.

*Musuku* (Uapaca kirkiana) ni wa ukubwa wa kati, majani mapana, kivuli kizuri. Kuna siri ambayo wengi hawaijui: kuna musuku dume na musuku jike, na dume hauzai kamwe. Ukipanda mmoja tu, unaweza kungoja bure. Panda mitatu ao mine, ao kubalianeni na jirani, kila mtu apande yake. Mbegu zake zinakufa haraka zikikauka, kwa hiyo kula tunda, osha mbegu, panda siku hiyohiyo ao siku inayofuata. Ukianza na mbegu, matunda yanaweza kuchukua zaidi ya miaka kumi. Lakini watafiti wa ICRAF waliofanya kazi Zambia na Malawi walionyesha kwamba musuku uliounganishwa na tawi la mti unaozaa unaweza kutoa matunda kwa miaka mine hivi. Kijana anayejua kuunganisha avoka anaweza kujifunza na hii. Na ukichukua tawi kutoka kwa mti unaozaa, unajua tayari kwamba ni jike.

*Mupundu* (Parinari curatellifolia) unabaki na majani karibu mwaka mzima, na kivuli chake kinatosha familia nzima. Tunda linaiva kabisa likishaanguka chini, usilipige na mawe. Mbegu yake ni ngumu na inachelewa kuota. Ni rahisi zaidi kuchukua chipukizi linalotoka kwenye mzizi. Unataka lupango kubwa: uweke mita 8 ao zaidi kutoka kwa ukuta.

*Musafwa* (Syzygium guineense) unafaa pale maji yanapochelewa kuondoka. Matunda yake ni madogo, ya rangi ya zambarau, watoto na ndege wanayapenda. Mbegu zake nazo zipandwe zikiwa bibichi.

Mikuyu, ile miti ya jamii ya Ficus, ni mizuri kwa ndege na inaota hata kutoka kwa tawi. Lakini mizizi yake inapasua ukuta, fosi na bomba la maji. Iache kwa shule, kanisa ao kiwanja kikubwa.

Miti midogo na uzio

Wengi hawana nafasi ya mti mkubwa. Hapo miti midogo njo inasaidia.

*Mulunguti* (Erythrina abyssinica) una maua mekundu kama moto, yanayotoka wakati mti hauna majani. Kata tawi nene kama mkono, liache siku chache kidonda kikauke, lisimike ardhini mvua zikikaribia. Ukipanga matawi kwa mstari, unapata uzio ulio hai, bila kununua nguzo kila baada ya miaka miwili. Unasaidia pia kurutubisha udongo. Angalia: zile mbegu nyekundu nzuri zina sumu, watoto wasizitafune.

*Mulombwa* nao, matawi yake makubwa yanaweza kushika ukiyasimika kama nguzo. Ni njia ya kukwepa ile miaka ya kufa na kufufuka.

*Vernonia amygdalina*, ule mmea mchungu ambao ndugu zetu wa Kivu wanauita mubirizi, unaota haraka kutoka kwa kijiti. Unafaa kwa uzio wa chini, na nyuki wanapenda maua yake.

*Buba* (Tephrosia vogelii) wakulima wanaijua: majani yake yanafukuza wadudu shambani na yanarutubisha udongo. Lakini ni sumu kali kwa samaki. Mwenye bwawa la samaki asiipande karibu, na majani yake yasitupwe mtoni.

Mimea inayopanda juu

Ukuta wa matofali unaotoa joto jioni unaweza kufunikwa na mmea unaotambaa. Wa kwanza kwetu ni *munkoyo*. Kinywaji tunakijua wote, lakini wachache wanajua kwamba mizizi inayotumika, ya jamii ya Eminia na Rhynchosia, inatoka kwa mimea ya pori inayotambaa, jamaa ya maharagwe. Ule mzizi una kitu kinachogeuza wanga wa uji wa mahindi kuwa sukari. Njo maana munkoyo inapata utamu bila kuongeza sukari. Kila mzizi unaouzwa sokoni ulichimbwa porini. Tafuta maganda ya mbegu kiangazi, panda kando ya uzio, upate ya kwako.

*Mabungo* (Landolphia) ni mmea wa maziwa, una matunda ya machungwa, matamu na makali kidogo. Zanzibar watu wanayatengenezea juisi. Hapa Kongo jamii hiyo ina historia ya uchungu, kwa sababu wakati wa Leopold watu walilazimishwa kutoa mpira kutoka kwa mimea hii. Unataka mti wa kuegemea na subira.

*Gloriosa superba*, wenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto, ni mzuri kabisa, lakini mzizi wake unaua. Kama kuna watoto wadogo ao mbuzi, uache porini.

Wanaoishi upande wa moshi wa zamani

Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi upande wa kaskazini-magharibi, na mule, kama Penga Penga, udongo ulibaki na shaba na metali zingine, sehemu zingine bila jani. Watafiti wa UNILU walionyesha kwamba inawezekana kufunika udongo ule kwa kuongeza chokaa na mboji, na kwa kutumia majani yaliyozoea shaba, kama Microchloa. Kwa mwenye lupango upande huo, maana yake ni hii: chimba shimo kubwa kuliko kawaida, ujaze udongo uliotoka pengine pamoja na mboji na chokaa, na usiache udongo mtupu, kwa sababu vumbi njo linaingia ndani ya nyumba na mwilini mwa watoto.

Namna ya kupanda

Panda Novemba mwishoni ao Desemba, mvua zikishatulia, ili mizizi ipate miezi mine mbele ya kiangazi. Kama unaotesha kwenye sashe, chagua sashe ndefu. Mzizi wa mti wa pori unashuka haraka, na ukijikunja ndani ya sashe fupi, mti hautakuwa mzima tena. Kwa muputu na mutondo ni vizuri zaidi kupanda mbegu moja kwa moja mahali pa kudumu. Chukua mbegu, using'oe mche porini: mzizi unakatika, na umemaliza pori bila kupata mti.

Usipande chini ya waya za SNEL. Kiangazi cha kwanza na cha pili, mimina bidoni moja ya maji kila juma, funika chini na majani makavu. Yale majani tunayofagia na kuchoma kila asubuhi, njo mbolea yake.

Na ukiona kijiti kimekauka mwezi wa Julai, weka alama kando yake, uwaambie wanaofagia wasiguse. Ngoja mvua.

Ndugu zetu wa Kalemie, Uvira, Bukavu ao Kindu, pori lenu lina miti mingine na mvua zenu zina saa zake. Lakini maswali ni yaleyale: mti huu unataka nafasi gani, unaishi na nani chini ya ardhi, na unataka miaka mingapi. Wazee wa kijiji na mama wanaouza matunda ya pori wanajua majibu mengi. Waulizeni wangali wapo, na miti ingali ipo.