Ujenzi: Siku nyingi za akiba kwenye kalenda ya kazi zinaweza kuficha ucheleweshaji

Kuta za shule zimesimama, lakini mafundi wamekaa chini ya mti. Wanangojea manjanja. Kwenye kibao cha shantie, tarehe ya mwisho wa kazi imekwisha kupita.

Wakaaji wa teritware nyingi za mashariki ya DRC wanajua hali hiyo. Mpango wa maendeleo ya teritware 145, unaojulikana kama PDL-145T, ulipanga kujenga zaidi ya shule 1,000 katika inchi yote, na kazi nyingi zilipita tarehe zilizotangazwa. Sababu zinazotajwa kila mara ni barabara mbovu, vita na malipo kuchelewa. Sababu hizo ni za kweli. Lakini kuna nyingine ambayo inaweza kuonekana kwenye karatasi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa: kalenda ya kazi iliyopangwa vibaya.

Wataalamu wa miradi wana kipimo chepesi cha kuitambua. Wanahesabu ni kazi ngapi zimepewa siku nyingi za akiba kupita kiasi.

Siku za akiba ni nini?

Mainjinia waliosomea kwa Kifaransa wanaziita marje. Ni idadi ya siku ambazo kazi moja inaweza kuchelewa bila kusogeza tarehe ya mwisho ya mradi wote.

Mama anayepika sombe na bugali anaijua hesabu hiyo bila kuiandika. Kama sombe inaomba masaa mawili na bugali dakika 20, bugali ina akiba ya saa moja na dakika 40. Sombe haina akiba hata kidogo: ikichelewa, watu wote wanachelewa kula.

Hesabu hiyo ilipangwa vizuri huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Morgan Walker wa kampuni DuPont na James Kelley wa Remington Rand walikuwa wanatafuta namna ya kupanga kazi za viwanda kwa kompyuta. Tangu wakati huo, programu za kupanga miradi zinaonyesha siku za akiba za kila kazi.

Kamba moja ikisahauliwa

Mfano ni wa shule ya madarasa sita inayopaswa kumalizika kwa siku 120 za kazi. Kusafisha uwanja kunaomba siku 10, msingi siku 20, kuta siku 30, paa siku 15, plasta na sakafu siku 20, milango na madirisha siku 5, rangi siku 10, ukaguzi na kukabidhi shule siku 10. Kila kazi inangojea ile ya mbele yake.

Pembeni kuna kazi nyingine: kununua mbao na manjanja na kuvileta, siku 25. Inaweza kuanza siku ya kwanza. Paa linaanza siku ya 61. Basi manunuzi yana akiba ya siku 35, na siku hizo ni za wote wanaoshika kazi hiyo. Mnunuzi akizila 30, dereva wa lori anabaki na 5 tu za kupambana na matope.

Sasa aliyetengeneza kalenda anasahau kuandika kwamba paa linangojea manjanja. Kompyuta haijui kwamba paa linajengwa kwa manjanja. Inaona kazi isiyofuatwa na kitu chochote, na inaipeleka mpaka mwisho wa mradi. Akiba inaruka kutoka siku 35 hadi 95.

Anayesoma kalenda hiyo anaona kwamba hakuna haraka. Manunuzi yanaanza siku 70 nyuma ya wakati, na ripoti ya kila mwezi bado inasema kila kitu kinaenda vizuri, kwa sababu akiba haijaisha. Manjanja yanafika siku ya 95, lakini mafundi waliyahitaji siku ya 61. Siku 35 za kazi zimepotea, sawa na majuma saba.

Kwa watoto, hesabu hiyo ina uzito wake. Shule iliyoanza kujengwa katikati ya mwezi wa tatu ingekuwa tayari mwishoni mwa mwezi wa nane, kabla ya masomo kufunguliwa. Sasa inafika mwezi wa kumi, katikati ya mvua, na wanafunzi wanaendelea kubanana katika madarasa ya zamani.

Kipimo cha siku 44

Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mikataba ya jeshi, DCMA, lina orodha ya mambo 14 ya kukagua katika kalenda ya mradi. Moja ni akiba iliyozidi. Kazi yenye akiba ya zaidi ya siku 44 za kazi, yaani karibu miezi miwili, inawekewa alama. Kazi za namna hiyo hazipaswi kupita asilimia 5 ya kazi ambazo bado hazijamalizika.

Kwa kalenda yenye kazi 60 zilizobaki, mpaka ni kazi 3. Zikipatikana 15, ni asilimia 25, na aliyetengeneza kalenda anapaswa kueleza. Mara nyingi inaonekana kwamba kuna kazi ambazo hazikuunganishwa na zile zinazozifuata.

Namba hiyo inafungua maulizo tu. Katika mfano wa shule, kutengeneza viti na meza za wanafunzi kunaomba siku 40, na vinahitajika siku ya 110, rangi ikishamalizika. Akiba yake ni siku 70. Imepita 44, lakini ni halali, kwani kila mtu anaweza kuona sababu yake. Tena, kwa shantie ya miezi mitatu, siku 44 ni nyingi sana. Mkaguzi anaweza kuchagua mpaka mdogo zaidi.

Kipimo kinaweza pia kudanganywa. Kuna anayefunga kazi kwa tarehe ya lazima, au kuunganisha kazi mbili zisizohusiana, ili tu namba ishuke. Ndiyo maana haitoshi kuangalia asilimia. Ni lazima kuuliza kama kila kiungo kina maana mbele ya fundi.

Barabara ya matope na usalama mdogo vinahitaji siku zake katika kalenda. Lakini siku hizo ziandikwe wazi, mahali penye hatari, kwa mfano kwenye safari ya lori. Akiba iliyozaliwa na kusahau haimlindi mtu.

Maulizo matatu ya kamati

Kamati ya wazazi au ya wakaaji inayofuatilia ujenzi haihitaji kompyuta ili kuanza. Inaweza kuomba kalenda kwa kampuni ya ujenzi na kuuliza mambo matatu kwa kila kazi. Ni kazi gani inayoingojea hii? Ina siku ngapi za akiba? Nani anajua kwamba siku hizo zimeanza kuliwa?

Jibu la ulizo la kwanza likiwa «hakuna», na kazi yenyewe ni kununua manjanja, simenti au mbao, kosa limekwisha kuonekana. Kulirekebisha siku hiyo ni kuandika mstari mmoja kwenye karatasi. Likigunduliwa siku kuta zinapomalizika, mafundi watakaa chini ya mti, na malipo yao ya kila siku yataendelea kuhesabiwa.