Sayansi ya Kisu cha Minofu na Kisu cha Jikoni

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii hutajwa mara nyingi na watu wasiokusudia kisu hata kidogo, bali cheo, mali au ujanja. Lakini katika soko la samaki la Feri mjini Dar es Salaam, au katika mwalo wa Kirumba mjini Mwanza, maneno hayo ni kweli kama yalivyotamkwa. Mchuuzi mwenye kisu kikali huutoa mnofu wa samaki ukiwa mzima, na juu ya mifupa hakibaki kitu cha kutajwa. Mwenye kisu butu hukwaruza na kurarua, na sehemu ya faida yake hubaki imeshikamana na uti wa mgongo wa samaki.

Hasara hiyo yaweza kukadiriwa. Ichukuliwe kwamba mchuuzi hupasua samaki 20 kwa siku, na kwamba kwa sababu ya ubovu wa kisu huacha katika kila samaki gramu 50 za nyama ambazo zingeweza kutoka. Gramu 50 ni kipande kisichojaza kiganja. Hata hivyo jumla yake ni kilo 1 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni kilo 300. Thamani ya kilo 300 za minofu inapita mbali bei ya kisu cha kawaida. Kwa hiyo uchaguzi wa kisu si jambo dogo la jikoni. Ni jambo linalohusu mapato na, kama itakavyoonekana, usalama wa mikono.

Namna kisu kinavyokata

Kukata ni kukusanya nguvu mahali padogo. Kanieneo, yaani nguvu inayobana kila sehemu ya eneo, huongezeka kadiri eneo linavyopungua. Unywele wa mtu una unene wa karibu sehemu 70 za elfu za milimita. Ukingo wa kisu kilichonolewa barabara waweza kuwa na unene wa sehemu moja tu ya elfu ya milimita, au hata pungufu ya hapo. Kisu kinapotumika, ukingo huo hujikunja na kulika, ukawa wa mviringo. Ukifikia unene wa sehemu 10 za elfu, jicho halitambui mabadiliko yoyote, lakini nguvu ile ile ya mkono sasa imetawanywa juu ya eneo lililo kubwa mara 10. Mkataji hana budi kukandamiza zaidi.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Ngozi ya samaki ina utelezi. Kisu butu kinapokandamizwa juu yake huteleza badala ya kuzama, na nguvu yote iliyokuwa ikikisukuma huelekea kwenye mkono ulioshika samaki. Aidha, kidonda cha mtu anayeshughulika na samaki si sawa na kidonda kingine. Bakteria aitwaye Erysipelothrix rhusiopathiae, ambaye huishi juu ya samaki bila kuwadhuru, huingia kupitia mikato midogo ya vidole na kuleta uvimbe wenye maumivu makali, wenye rangi ya zambarau. Ugonjwa huo unajulikana tangu zamani miongoni mwa wavuvi, wachinjaji na wapara samaki. Basi ni kosa kudhani kwamba kisu butu ni salama kwa kuwa hakikati. Hukata, ila hukata mahali pasipokusudiwa.

Chuma cha ubapa

Chuma kitupu ni laini mno kwa kazi ya kisu. Kinachokiwezesha kushika makali ni kaboni kidogo iliyochanganyika nacho, ambayo katika visu vingi huwa baina ya asilimia 0.4 na 1. Mchanganyiko huo ndio chuma cha pua, na wazee waliuita feleji. Ukipashwa moto mkali hata uwe mwekundu, kisha ukatoswa ghafla katika maji au mafuta, hupata ugumu mkubwa lakini huwa mwepesi wa kuvunjika. Ukipashwa tena kwa moto mdogo, hupoteza sehemu ya ugumu huo na kupata ushupavu. Fundi wa visu hutafuta mizani baina ya sifa hizi mbili.

Elimu hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi Wahaya wa kaskazini magharibi mwa Tanzania walivyopata chuma chenye kaboni katika tanuri zao, na kwamba mabaki ya kazi ya namna hiyo katika eneo hilo yana umri wa miaka 1500 hadi 2000. Hata leo wahunzi wengi hufua visu kutokana na springi za magari makuukuu, na uteuzi wao una msingi wa kisayansi, kwani chuma cha springi huwa na kaboni ya kutosha kukipa kisu makali mazuri.

Udhaifu wa chuma cha namna hii ni kutu. Mwaka 1913 Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, alitengeneza chuma chenye karibu asilimia 13 ya kromiamu, akaona kwamba hakishiki kutu kwa urahisi. Siri yake ni kwamba kromiamu huungana na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana, ambao hujirudisha wenyewe kila unapokwaruzwa. Visu vya kwanza vya chuma hicho vilibezwa kwamba havikati, kwa kuwa mafundi walikuwa bado hawajaizoea tabia yake. Tangu hapo mambo yamebadilika, na visu vingi vya viwandani leo ni vya jamii hiyo.

Je, mnunuzi achague kipi? Kwa mtu anayeshughulika na samaki wa baharini, au anayepika kwa ndimu na ukwaju, chuma kisichoshika kutu kinafaa zaidi, kwa sababu chumvi na asidi hukila chuma cha kawaida kwa haraka na kukiachia chakula ladha ya chuma. Kwa mtu wa bara aliye tayari kukausha kisu chake kila baada ya kazi, kisu cha mhunzi stadi chaweza kumtumikia miaka mingi, tena hunoleka kwa urahisi. Lakini isidhaniwe kwamba kisu kisichoshika kutu hakidhuriki kamwe. Chumvi ikikaa juu yake usiku kucha hutoboa utando ule na kuacha vishimo vidogo.

Ipo pia hadaa ya mng'aro. Vijiko na uma nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Chuma hiki kinang'aa na kinastahimili kutu kuliko kile cha visu, lakini hakiwezi kugumishwa kwa moto, na kisu kilichotengenezwa kwacho hupoteza makali upesi. Jaribio lake ni rahisi: chuma hicho kwa kawaida hakivutwi na sumaku, ila kile cha visu huvutwa. Sumaku ndogo mfukoni yatosha kumwepusha mnunuzi na kisu cha pambo. Hata hivyo, kuvutwa na sumaku si ushahidi kamili wa ubora, kwa maana hata bati laini huvutwa.

Baadhi ya watengenezaji huandika ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell C. Kwa kisu cha minofu, ugumu wa 54 hadi 58 unafaa. Vipo visu vyenye ugumu wa zaidi ya 60, ambavyo hudumu na makali kwa muda mrefu. Lakini vikigonga mfupa humeguka, na kuvinoa kunahitaji mawe ya aina maalumu. Kwa mtu mwenye kinoo cha kawaida, ugumu uliopita kiasi ni mzigo.

Umbo na unyumbukaji

Kisu cha minofu hupita baina ya nyama na mifupa. Hakina budi kupinda kidogo ili kifuate mbavu za samaki, kisha kirudi katika unyoofu wake. Ubapa wake uwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20, upana wa sentimita 2 hivi, na ncha iliyochongoka. Unene wa mgongo wake ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu ukaidi wa ubapa dhidi ya kupinda hubadilika kwa kipeo cha tatu cha unene. Ubapa wa milimita 3 haupingi kupinda mara 2 kuliko ule wa milimita 1.5, bali mara 8. Tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho hutenganisha kisu kinachotii mkono na kisu kinachokata mbavu pamoja na nyama. Kwa samaki wadogo kama changu na sato, ubapa mwembamba unafaa. Kwa sangara mkubwa, au jodari, unahitajika ubapa mrefu na ulioshupaa kidogo.

Kisu cha jikoni kina kazi nyingine. Hukata vitunguu, mchicha, nyanya na nyama isiyo na mfupa. Ubapa wake uwe mpana, wa karibu sentimita 4, ili vifundo vya vidole visigonge ubao, na uwe ukipungua unene tangu mgongoni hadi kwenye makali. Ubapa mnene hufanya kazi ya kabari: hupasua karoti au muhogo kabla ya kuukata. Ama vichwa vya samaki na mifupa minene, hivyo ni kazi ya panga fupi. Anayetaka kisu kimoja kwa kazi zote tatu hupata chombo kisichofaa hata kazi moja.

Mpini nao ukaguliwe. Ule utepe wa chuma unaoingia ndani ya mpini, uitwao msuka, uwe mrefu na usichezecheze. Mpini uwe na kizuio mbele, ili mkono wenye utelezi usikimbilie kwenye makali. Mpini wa mti si mbaya, mradi usiwe na nyufa, kwani ufa huhifadhi majimaji ya samaki na vijidudu vyake. Kwa sababu hiyo hiyo kisu kilichopasua samaki mbichi kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla hakijagusa kachumbari.

Kunoa

Kila kisu kitakuwa butu. Kwa hiyo swali kubwa kuliko yote ni hili: je, mwenye kisu anaweza kukinoa mwenyewe? Kisu cha bei nafuu kinachonolewa kila juma hukata vizuri kuliko kisu ghali kisichonolewa.

Kinachohitajika ni kinoo chenye nyuso mbili, mmoja wa chembe kubwa na mmoja wa chembe ndogo, pamoja na kuihifadhi pembe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kisu cha minofu pembe inayofaa ni nyuzi 15 hivi kila upande, na kwa kisu cha jikoni ni nyuzi 15 hadi 20. Pembe hizo zaweza kupatikana bila chombo cha kupimia. Mgongo wa kisu ukiinuliwa juu ya kinoo kwa robo ya upana wa ubapa, pembe ni karibu nyuzi 15. Ukiinuliwa kwa theluthi, ni karibu nyuzi 20. Hivyo ubapa wenye upana wa sentimita 2 huinuliwa milimita 5 tu. Kinoo kiloweshwe, na upande mmoja unolewe hadi kidole kinapopapasa kwa uangalifu upande wa pili kihisi ukingo mdogo uliojikunja. Kisha unolewe upande wa pili vivyo hivyo, na kazi imalizwe kwa kupitisha kila upande polepole juu ya chembe ndogo.

Kunoa juu ya ngazi za saruji hakufai, kwa kuwa mchanga wake una chembe zisizolingana, nazo huuacha ukingo na mapengo. Mnoa visu wa baiskeli hufanya kazi nzuri akiwa na subira. Akikandamiza mno, jiwe linalozunguka huutia moto ukingo mwembamba. Chuma cha kawaida cha kaboni kikigeuka rangi ya buluu, joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na sehemu ya ugumu wake imepotea. Makali hudhuriwa pia na kukatia juu ya sinia, sahani au marumaru. Ubao wa mti au wa plastiki huyapokea bila kuyaumiza.

Jaribio la mwisho halihitaji maabara. Nyanya mbivu iwekwe juu ya ubao, na kisu kivutwe juu yake kwa uzito wake chenyewe. Kikizama ngozini bila kuibonyeza nyanya, kisu kiko tayari kwa samaki. Kikiteleza, kirudishwe kwenye kinoo kabla hakijaingia sokoni wala jikoni.