Tanuri langu lilivyonifunza subira

WAHENGA walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi magae yalijaa uani kwangu, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura.

Nilirejea nyumbani mwaka 2008 kutoka kambini mkoani Kigoma, nikiwa na ufundi wa udongo tu. Baadaye nikapata tanuri dogo la umeme la wati 2,200, lisilo na kidhibiti joto. Ni kuwasha na kuzima.

Mwaka 2017 akina mama wanaovusha bidhaa kupitia Manyovu waliniagiza vikombe, wakatanguliza nusu ya malipo. Usiku mmoja vikombe vyote vikapasuka. Fedha zao nilikuwa nimeshazitumia. Wakanipa mwezi mmoja.

Kosa lilikuwa haraka. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakifika nyuzi joto 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua chombo. Tena kwenye nyuzi 573, chembe za mchanga zilizomo hutanuka ghafla.

Jirani yangu, fundi redio, akanishauri tuunde kidhibiti wenyewe. Vifaa tuliagiza Kariakoo, Dar es Salaam. Kwanza, kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, nyaya hutoa umeme kidogo mno, kama sehemu 41 za milioni moja ya volti kwa kila nyuzi. Pili, kompyuta ndogo ya kusoma umeme huo. Tatu, rilei ya kuwasha na kuzima tanuri kwa amri ya kompyuta.

Tuliipangia itulie saa mbili kwenye nyuzi 90, ipande nyuzi 100 kwa saa hadi 600, kisha iongeze kasi hadi 950. Vikombe vya kwanza vilitoka vizima. Nikajisahau, nikaenda kulala.

Uchomaji wa tatu niliamka alfajiri nikakuta kipimo kimepita 1,000 na vikombe vimepinda. Rilei ya aina hii ikiungua, mara nyingi haikati umeme, bali huupitisha moja kwa moja. Nyumba ingeweza kuteketea, na watoto wamelala ndani.

Tukaongeza swichi kubwa ya pili, yenye kipimajoto chake, inayokata umeme wote joto likipita 980. Tangu hapo sijalala tanuri likiwaka.

Mzigo ulivuka Manyovu siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Ndugu yangu unayerejea na ufundi mkononi, jiundie kifaa, lakini usikiachie nyumba yako.