Neno "Sumu" na Mchomo wa Yavuyavu

Neno sumu, lenye asili ya Kiarabu, hutumika kwa dawa ya panya, kwa uyoga mbaya, kwa jino la nyoka na kwa mchomo wa yavuyavu. Mvuvi wa pwani huijua tofauti kwa ngozi yake. Mwanafunzi wa Kutus, aliye mbali na bahari, hana budi kuipata katika lugha. Nayo lugha humwonyesha kitu kimoja.

Kikemia sivyo. Madhara ya sumu ya yavuyavu hutokana hasa na protini. Hizo hukaa katika vifuko vidogo mno vya minyiri, ambavyo vikiguswa hufyatua nyuzi mithili ya mishale. Protini za Chironex fleckeri, yavuyavu wa bahari ya Australia, hutoboa utando wa seli. Potasiamu huvuja, na moyo waweza kusimama katika dakika chache. Kwa kuwa joto huharibu protini, maji ya moto yanayovumilika hutuliza michomo ya aina nyingi za yavuyavu.

Tiba hiyo haimfai aliyeumwa na bafe katika nyanda za Mwea, kwani jino huzamisha sumu ndani ya nyama. Wala maziwa hayamfai: sumu haikupitia tumboni. Huyo ni wa kupelekwa hospitali upesi.

Hivyo yafaa istilahi za shule zitenganishe sumu iliwayo na sumu idungwayo, maana jina lisilobainisha njia ya sumu humpotosha mwenye kutafuta tiba.