Kweli, Uaminifu na Unyofu: Maneno ya Imani katika Nchi ya Masoko

Makusudi ya makala haya ni kuchungua maneno machache ambayo Mkristo wa Masoko, katika wilaya ya Rungwe, huyatumia anapotaka kutaja kweli na kuikana hila. Mtu huyo ana lugha mbili. Nyumbani hunena Kinyakyusa. Kanisani, shuleni na barazani aghalabu hunena Kiswahili. Kila lugha imempa kipimo chake cha kumpimia mtu mkweli, na vipimo hivyo havilingani katika kila jambo. Tutakalojaribu kuonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya mashaka yaliyoyapata makanisa ya nchi ile kuhusu uongo na unafiki haikutokana na watu kutojua amri, bali ilitokana na kuchukuliwa kipimo kimoja tu na kuachwa vile vingine.

Masoko iko upande wa kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu, kando ya ziwa dogo lililojaa katika tundu la volkano, ambalo huitwa pia Kisiba. Karibu na ziwa hilo liko jengo la mawe lililojengwa na Wajerumani kwa ajili ya askari wao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambalo baadaye lilitumiwa kuwa mahakama. Injili ilifika katika nchi hiyo mwaka 1891, kwa njia mbili karibu wakati mmoja: Wamoraviani walijenga Rungwe, na wamisionari wa Berlin, ambao ni Walutheri, walijenga upande wa mashariki. Wote walianza kazi kwa kujifunza Kinyakyusa, ambacho wakati huo walikiita Kikonde, wakahubiri na kufundisha kwa lugha hiyo. Kiswahili kiliingia kanisani pole pole, kikapata nguvu zaidi ilipotoka Biblia ya tafsiri ya pamoja: Agano Jipya mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952.

Na tuanze na Kiswahili. Neno la kwanza ni kweli. Katika tafsiri hiyo ya pamoja, na katika maandishi mengi ya zamani, neno hili ni jina linalojitegemea, lenye upatanisho wa ngeli ya nguo na njia: kweli hii, kweli yake, kweli yote. Siku hizi wengi husema ukweli, na hakuna kosa katika hilo; walakini yafaa kukumbuka kwamba kiambishi u- hutaja hali ya kitu, na kweli bila kiambishi hicho hutaja kitu chenyewe. Ndiyo maana twasema msema kweli, na methali husema kuwa msema kweli hana wajoli. Msomaji atazame kitenzi kinachofuatana na neno hili: ni kusema. Kweli ya Kiswahili, katika matumizi yake ya kila siku, makao yake ni ulimi. Kinyume chake ni uongo, nao pia husemwa.

Kundi la pili ni la maneno yaliyotoka katika Kiarabu: sadiki, amini, haki na hakika. Shina la amini limezaa jamaa kubwa: imani, amana, uaminifu, na lile Amina ambalo Wakristo hufungia sala zao. Neno hilo la mwisho lilitoka katika Kiebrania, lugha iliyo ndugu wa Kiarabu, na shina lake ni lilelile la kuthibitika na kutegemewa. Hapa kweli haikai ulimini tena, bali hukaa kati ya watu wawili. Amana ni mali niliyoiweka kwako. Uaminifu wako ni kunirudishia kama ilivyokuwa. Mtu aweza kuwa msema kweli asiwe mwaminifu, kama mtu anayekiri wazi kwamba fedha za watu amezila na harudishi hata senti.

Kundi la tatu ni unyofu, neno la Kibantu, jamaa ya kunyoka na kunyosha. Mtu mnyofu ni mtu aliyenyoka, asiye na kona ndani yake. Makao ya sifa hii ni moyo. Basi twapata mahali patatu pa kweli: ulimi, mapatano na moyo.

Tukigeukia Kinyakyusa twaona kwamba mahali hapa patatu papo, ila uzito haukugawanywa vivyo hivyo. Naloli ni kusema kwa kweli, na ubwanaloli ndiyo kweli yenyewe. Ubugolofu ni unyofu, kutoka katika neno golofu, lenye maana ya kunyoka. Picha ni ileile ya Kiswahili. Lakini katika mila za nchi hii jambo lililoogopwa kuliko uongo wa ulimi lilikuwa hasira iliyofichwa moyoni. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya uchunguzi kati ya Wanyakyusa tangu mwaka 1934 hata 1938, waliliona jambo hili kuwa ni kiini cha matambiko mengi, na Monica alilieleza kwa urefu katika vitabu vyake vilivyotoka mwaka 1951, 1957 na 1959. Ilisadikiwa kwamba kinyongo kati ya ndugu huleta ugonjwa, utasa na mavuno mabaya; na kwamba manung'uniko ya majirani, yaliyoitwa embepo sya bandu, yaani pumzi ya watu, humpiga mkosaji kwa baridi na homa.

Dawa yake ilikuwa kusema. Jamaa walikusanyika, na kila mwenye neno moyoni alilitoa mbele ya wenzake. Kisha maji yalitiwa kinywani na kupulizwa nje, iwe ishara kwamba hasira imetoka pamoja nayo. Aliyepuliza maji huku kinyongo kingali ndani hakuhesabiwa kuwa amepatana, na ugonjwa ulitazamiwa kurudi. Hivyo tambiko zima lilisimama juu ya unyofu: maneno na moyo vilitakiwa viwe kitu kimoja. Tena tuangalie jambo ambalo ni rahisi kulipita: tendo hilo halikuwa la mtu mmoja. Msemaji alisema, wasikilizaji wakakubali, maji yakapulizwa. Kusema peke yake, pasipo kupokelewa, hakukumaliza kazi.

Kwa upande wa lugha, Wakristo walirithi mengi hapa. Kuhani wa matambiko aliitwa umputi, na neno hilohilo ndilo linalomtaja mchungaji wa kanisa. Kusali ni ukwiputa, neno la shina lilelile. Yaani, Mnyakyusa anaposali kwa lugha yake hutumia neno lililo jamaa ya jina la yule aliyesimamia kazi ya kutoa kinyongo na kupatanisha watu.

Tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Katika nchi hiyohiyo, mtu aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa umwafi: akitapika alikuwa safi, asipotapika alikuwa na hatia. Kiswahili chalijua jambo hili kwa jina la mwavi, na ushahidi wake umo ndani ya neno kiapo. Katika matumizi ya zamani kiapo kilikuwa na maana mbili: maneno ya mtu anayeapa, na dawa au chuma cha moto cha kumjaribia mshitakiwa. Kwa kipimo cha namna hii mwili ulishuhudia badala ya ulimi, na mtu mkweli aliweza kufa kwa sababu ya tumbo lake. Serikali za kikoloni zilikataza umwafi. Yaliyobaki barazani ni kiapo cha maneno, ambacho Mkristo hukiapa akiwa ameshika Biblia.

Hapo ndipo penye ajabu ndogo inayopaswa kutajwa, kwa maana Biblia hiyohiyo aishikayo ina mafundisho ya Yesu katika Mathayo sura ya 5 yanayokataza kuapa kabisa, na kutaka ndiyo ya mtu itoshe kuwa ndiyo. Makanisa mengi yamelifasiri fundisho hilo kuwa halikatazi kiapo cha mahakama. Hata hivyo maana yake ni wazi: mtu anayehitaji kiapo ili aaminiwe amekwisha kukiri kwamba maneno yake mengine hayana dhamana. Fundisho hilo laihamisha kweli kutoka ulimini na kuipeleka moyoni, na mtu wa Rungwe aliyelelewa na desturi ya maji hakuliona kuwa geni.

Zaidi ya hayo iko sura ya 4 ya Waraka kwa Waefeso. Hapo Mtume awaambia wasomaji wake wavue uongo na kusema kweli kila mtu na jirani yake, kwa kuwa wao ni viungo vya mwili mmoja. Na mara tu baada ya hayo awaonya kwamba jua lisichwe hasira zao zikiwa zingali nao. Msomaji wa mahali pengine aweza kudhani kuwa hizi ni amri mbili zilizowekwa pamoja kwa bahati tu. Kwa mila za Masoko ni amri moja. Anayeificha hasira amesema uongo kwa uso wake, hata kama ulimi haukutamka neno.

Ikiwa maandiko na mila vilikutana karibu hivyo, mashaka yalitoka wapi? Yalitoka katika utaratibu wa nidhamu. Wamoraviani walikuwa na desturi ya tangu karne ya 18 huko Herrnhut, ya kila mshiriki kuzungumza faraghani na kiongozi wake kabla ya Meza ya Bwana. Kwa asili yalikuwa mazungumzo ya kuponya. Lakini misheni zote mbili ziliweka pia sheria kwamba mwanamume mwenye wake wengi hawezi kubatizwa, na Mkristo akioa mke wa pili hutengwa na Meza. Haya si mahali pa kuamua kama sheria hiyo ilikuwa nzuri au mbaya. Linalotuhusu ni kazi iliyofanya juu ya kweli. Mtu aliyelitaja jambo lake alitengwa, na mtu aliyelinyamaza alikaribishwa. Kusema, ambako katika desturi ya zamani kulikuwa mwanzo wa dawa, kukawa mwanzo wa adhabu.

Wengine walijibu kwa kutafuta kanisa jingine. African National Church, lililoanzishwa Nyasaland mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea hadi Rungwe, liliwapokea wenye wake wengi. Wako waliolidharau kwa kusema kuwa ni kanisa la wapenda wake. Walakini yafaa kulitazama kwa upande wa pili pia, kwamba ndani yake mtu aliweza kukaa mbele ya wenzake jinsi alivyo, bila ya kuficha nyumba yake ya pili. Wengine, hasa tangu miaka ya 1930, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, walivutwa na uamsho uliotokea Rwanda na Uganda, ambao wafuasi wake waliungama dhambi zao hadharani na kuuita mwenendo huo kutembea nuruni. Harakati hizi mbili hazikufanana kwa mafundisho, tena zingeweza kupingana vikali. Lakini zote mbili zilikuwa na njaa moja, nayo ni njaa ya mahali ambapo mtu aweza kusema kweli na kupokelewa.

Hapa lugha yaweza kutusaidia kupambanua, na ndiyo sababu jambo hili ni la wanafunzi wa lugha si la wahubiri tu. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo huchanganywa mara kwa mara: kukiri, kuungama na kutubu. Kukiri ni kukubali neno kuwa ndivyo. Mshitakiwa hukiri kosa barazani, na aweza kukiri kwa kubanwa. Kuungama, katika matumizi ya kanisa, ni kutoa kwa hiari lile lililofichika, mbele ya anayeweza kulipokea. Kutubu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kurejea. Baraza la wazee linapomwita mtu na kumhoji, linalopatikana ni kukiri. Likiandikwa katika daftari kuwa ni kuungama, daftari lenyewe limekosa kusema kweli.

Kisa cha Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, chatufundisha hilohilo. Walikuwa na haki ya kuzuia fedha za shamba lao, na Petro alimwambia Anania wazi kuwa mali ilikuwa yake. Kosa lao halikuwa kuzuia, bali kujionyesha kama watu waliotoa yote. Ulimi ulitaja kiasi cha uongo kwa sababu moyo ulitaka sifa ambayo haukuwa tayari kuilipia.

Basi pendekezo letu kwa wanaotafsiri na wanaofundisha ni hili. Neno kweli litumike kwa yale yanayosemwa. Uaminifu kwa yale tuliyowekeana. Na unyofu kwa yale yaliyomo moyoni. Kumwambia Mkristo wa Masoko aseme kweli ni kumpa theluthi moja tu ya wajibu wake, nayo ndiyo theluthi aliyo mwepesi kuitimiza huku kinyongo kimemjaa kifuani. Kumwambia awe mnyofu ni kumgusa pale ambapo babu zake walikwisha kupajua.

Na kwa wanaosikiliza wako wajibu pia, ambao mila ya maji yaukumbusha vizuri kuliko sheria yoyote iliyoandikwa. Anayetoa neno lililofichika ameweka amana mikononi mwa wasikilizaji wake. Wakilifanya kuwa silaha dhidi yake, wao ndio waliovunja uaminifu, na mara nyingine hatasema tena. Kanisa, mahakama au jamaa inayotaka watu wa kweli haina budi kwanza kujiuliza ni bei gani inayomtoza yule anayeisema.